Tundu la Taya la Nasra

Alhamisi, baada ya isha

Kaondoka na hasira, na picha kaiacha mezani kwangu.

Leo nilikuwa nimfungie Nasra skrubu ndogo kwenye taya la chini, ya kuvutia waya za kunyoosha meno. Eksirei ikanikatalia. Sote tuna katundu kwenye taya, mshipa wa fahamu hupitia hapo kwenda mdomoni. Tundu la Nasra limekaa juu mno, palepale pa kuweka skrubu. Nikikosea, mdomo unakufa ganzi, pengine moja kwa moja.

Nikamwambia tusubiri, nitafute njia nyingine.

"Dokta, harusi yangu hiyo inakaribia. Wewe unaogopa tu! Buguruni kuna mtu anafunga siku hiyohiyo, wala hahangaiki na mapicha."

Nilimsihi, lakini anauza vipodozi Kariakoo huyu; kwake duka moja likigoma, unaingia la pili. Nimempigia simu jioni nzima, hapokei.

Kabla ya kutoka alisimama mbele ya kioo changu, akapaka rangi ya mdomo, akabana midomo ili ikae sawa. Alipendeza.

Picha ninayo mimi. Atakayemtoboa hajaiona.