Kochi la Mama

Kijiji cha Nyashigwe,
S.L.P. 14,
Mwanza.
9 Machi 2024.

Mpendwa kaka Ngosha,

Shikamoo. Habari za Songea, za wifi Leonsia na watoto? Kifua chako kimepona? Sisi tunapumua, ila nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya.

Mvua zimeanza na mpunga umeshika. Habari njema zimeishia hapo.

Unakumbuka zahanati niliyokusimulia, ile iliyojengwa na wakala wa serikali? Siku ya uzinduzi, kijiji kiliazima kochi la mama kwa ajili ya meza kuu. Wazee wetu, kwa furaha yao, wakawakalisha watu wa wakala kwenye kochi. Diwani na maofisa wa halmashauri wakapewa benchi la shule, na nyama ikawafikia mwisho. Tulidhani tunashukuru, kumbe tunajiponza.

Wakala ulipokabidhi jengo, muuguzi wake akaondoka. Halmashauri haikuleta mwingine. Kila tulipokwenda kuuliza, tuliambiwa hiyo ni zahanati ya wakala, wao hawakushirikishwa. Serikali ni moja, bendera ni moja, lakini zahanati yetu wanaitazama kama mtoto wa kambo. Fahali wawili wanapigana, nyasi ndio sisi.

Mwezi jana mdogo wetu Milembe alishikwa na uchungu. Zahanati tunaiona kutoka mlangoni, ina kufuli. Tukampakia kwenye bodaboda kwenda mjini, nami nikamshikilia kwa nyuma. Alijifungulia njiani, kwenye matope. Mtoto hakulia. Alikuwa wa kiume, na Milembe alishampangia jina lako. Kaka, nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Diwani alikuja kuhani msiba, pamoja na wale maofisa. Watu wakaanza kuwatafutia viti. Mama akakataa. Akaagiza kochi lile litolewe nje, akawaketisha mwenyewe, kisha akasema taratibu:

"Leo kochi ni lenu. Sasa nileteeni muuguzi."

Walikunywa chai, wakaondoka. Kochi bado liko uani linanyeshewa, na mama hataki lirudishwe ndani mpaka muuguzi aje alikalie.

Milembe anakusalimu, ingawa siku hizi haongei sana. Msalimie wifi na mjomba Elias. Mungu awalinde huko, na asiwape kamwe kuishi katikati ya ofisi mbili zilizonuniana.

Mdogo wako akupendaye,
Mhoja