Juma la Teke Lile

Papa,

Juma lako la Juni limefika tena, na vumbi la kiangazi limepanda hadi mtaani kwetu Kadutu. Tangu tukuzike, mimi ndiye ninayesoma kipindi chako cha Jumamosi redioni, kile cha kukumbusha michezo ya zamani iliyochezwa katika juma kama hili. Wengine wananisalimia njiani kwa maneno yako ya kufungulia: "Kaeni, mupira unakumbuka."

Kila mwaka, juma hili lilikuwa la Zaire kwenye Kombe la Dunia, Ujerumani, 1974. Yugoslavia ilitufunga tisa. Siku chache baadaye, mbele ya Brazil, beki wetu alichomoka ukutani akaupiga mpira wa adhabu ambao haukuwa wetu. Dunia ikacheka kwamba hatujui sheria. Tonton Deo, fundi wako wa mitambo, naye alicheka kila mwaka, nawe ukamngoja amalize.

"Musicheke," ulisema. "Ule mutu alijua sheria. Alikuwa anaogopa."

Kisha ukaeleza walichokuja kusimulia wachezaji wenyewe: walitishwa na watu wa rais kwamba Brazil ikiwafunga zaidi ya tatu wasirudi nyumbani. Na tatu zilikuwa zimekwisha kuingia.

Jumatatu alikuja studio mtu mpole, viatu vyake safi katika vumbi hili lote. Alikaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa.

"Mademoiselle, hadithi ya muzee iko muzuri," alisema. "Lakini mwaka huu ruka ile wiki."

Akaniaga kwa jina langu la utoto, lile mliloniita wewe na maman tu. Tangu siku hiyo kuna pikipiki inayosimama mbele ya lango letu. Haibebi abiria.

Maman ananisihi nisome mbio za baiskeli. Tonton Deo anasema Jumamosi mkono wake utakuwa kwenye swichi. Sikuthubutu kumuuliza kama ni kwa kuwasha au kwa kuzima. Hacheki tena.

Chuoni walinifundisha kuuliza nani alisema. Wewe ulinifundisha kuuliza mtu anaogopa nini. Nami ninaogopa, papa, na sasa ninamwelewa yule beki kuliko ulivyonieleza.

Pumzika. Jumamosi nitafungua kwa maneno yako, nitasimulia yote, na sitacheka. Redio ikikatika kabla ya teke, ujue si mimi niliyeruka.

Binti yako