Zamu ya Yuting

Jumatatu, 4 Agosti

Mijadala mitatu kabla sijanywa chai. Kwao China ni mchana. Hapa Umbilo, Durban, baridi bado imekaa ndani ya nyumba, nami nimevaa blauzi ya kazi na leso kiunoni, maana kamera inaishia kifuani. Wanafunzi wanne kwenye skrini, mada moja, wajadiliane kwa Kiingereza, mimi nitoe alama. Wakifaulu, vyuo vya Uingereza vinawapokea kwa shahada ya uzamili. Wakianguka, nafasi imekwenda.

Wote wamekariri. Mmoja anamaliza, wa pili anasema anakubaliana naye kabisa, kisha anamwaga yake. Hakuna anayepinga, hakuna anayedakia. Hata mkutano wa maombi kanisani kwetu una ubishi zaidi. Nimekereka.

Jumanne, 5 Agosti

Kundi la Yuting. Ndiye kiongozi wa darasa lao. Nilidhani kazi yake ni kuita majina tu. Kumbe kwao kiongozi wa darasa huwachunga wenzake kama dada mkubwa. Mwenzake mmoja aitwaye Hao alipokwama katikati ya sentensi, Yuting alimuuliza kiswali kidogo, Hao akapata pa kushika. Mwingine, Lin, alipojikunyata, Yuting akamwita kwa jina, akamngoja. Akamngoja kweli, mpaka Lin akasema jambo la maana. Yeye mwenyewe alisema sentensi mbili tu. Zilikuwa bora kuliko zote nilizosikia wiki hii.

Mwongozo wa alama unahesabu hoja ulizotoa na mara ulizopinga. Kumpisha mwenzako hakumo. Nikampa anachostahili kwa mwongozo: ameanguka. Wenzake wote wamefaulu, na kila mmoja amepita mlango ulioshikwa na yeye.

Nimefunga kompyuta kwa kishindo. Haikunikosea.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda Westville kwa msimamizi wangu, Bwana Naidoo. Nilipanga maneno njia nzima. Nikamwambia msichana huyu anajua kujadiliana kuliko wote, tena ndiye aliyewabeba. Akanisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Eish, sister, nakuelewa. Lakini mwalimu wa kule Uingereza hatamngoja mtu. Wala wanafunzi wenzake hawatamngoja."

Kinachoniudhi ni kwamba hajakosea.

Amekubali Yuting arudie mara moja, Jumatano, na watu asiowajua. Chuo kinataka matokeo wiki hiyohiyo, baada ya hapo hakuna nafasi. Naruhusiwa kumpa ushauri kwanza. Nilirudi nyumbani nimenuna, sikumsalimia hata bawabu. Kesho nimwombe radhi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake huku kwetu. Nimesukwa kwa Mama Béa hapa chini, barabara ya Umbilo. Yeye ni Mkongo, saluni ni yake, na ukikaa kwenye kiti chake utasema yote hata kama hukukusudia. Nikamweleza habari ya Yuting. Hakumhurumia hata kidogo.

"Sasa problème iko wapi? Umuambie akate bengine maneno! Mimi hapa Durban, kama nilikuwa nangojaka zamu, ningekufa njala."

Saluni nzima ikacheka, nami nikacheka, huku kichwa kinavutwa. Debe tupu haliachi kuvuma, nikamwambia. Akasema afadhali debe linalosikika. Nywele zimebana mpaka nyusi zimepanda.

Jumapili, 10 Agosti

Nimezungumza na Yuting kabla ya kwenda kanisani. Nilimwambia waziwazi: usiulize wenzako maswali, usingoje, mtu akivuta pumzi tu, ingia. Pinga hata kama unakubali nusu.

Aliuliza, "Hata kama bado anafikiri?"

Nikasema hata kama.

Alinishukuru kwa adabu ileile. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nalirudia swali lake, na kila mara nilijibu vilevile.

Jumatano, 13 Agosti

Amefaulu. Alama za juu kuliko zote nilizotoa msimu huu.

Sikumtambua. Alikata, alipinga, aliteka mada akakaa nayo. Kila kitu nilichomwagiza alikifanya, tena kwa ustadi. Mle ndani alikuwamo kijana anayeitwa Jun, naye anarudia, naye hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Jun si mjinga. Ni mzito wa kuanza. Kila alipofungua kinywa, Yuting alikuwa ameshaingia. Mara ya mwisho nilimwona Yuting akimtazama. Alisita. Wiki iliyopita angemwita kwa jina. Kisha akaendelea kusema, na Jun akazima maiki yake.

Jun ameanguka. Kalamu ilikuwa yangu. Nina hasira na mwongozo, nina hasira na Naidoo na hoja zake zisizo na kosa, na huyu mwenye kichwa cha nywele mpya ndiye anayenikasirisha zaidi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sijala.

Ijumaa, 15 Agosti

Mvua asubuhi. Matokeo yametoka. Sina mjadala leo.

Yuting ameandika. Chuo kimempokea, wazazi wake wamefurahi, ananishukuru kwa ushauri. Chini yake swali moja: yule Jun amefaulu?

Siruhusiwi kumwambia. Matokeo ya mtu ni yake. Nilianza kuandika hongera, nikafuta. Nikaanza kuandika kwamba halikuwa kosa lake. Nikafuta hilo pia, maana lingekuwa jibu.

Yuting alikuwa bado hewani. Alikuwa ananingoja.