Sufuria ya Omena, na Ile Yako

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mgongo umepoa na umerudi kulalia ule ubavu wa kushoto. Sisi huku Meru tuko. Asubuhi baridi ya Majengo inauma, lakini mchana jua linatuonea huruma. Ningekupigia simu, ila wewe ukipokea unaweka sauti hadi wapita njia wote wa Karurumo wasikie, na haya si ya barabarani. Njeru ndugu yangu, wewe unayemsomea, soma yote, usiruke mahali.

Mama, mjukuu wako Makena ana afya. Anatembea, anapanda juu ya kila kitu, meno yametoka. Lakini hajasema neno, hata moja. Na hapo ndipo taabu yangu inaanza, kwa sababu mlango wetu unatazamana na wa Mama Swabra.

Mama Swabra ni mwenyeji wa hapa Majengo, mume wake ana bucha. Swabra wake na Makena walizaliwa mwezi mmoja. Huyo Swabra anaongea kama redio. Anaita paka, anaita baba yake, anaomba chai. Nywele zake zinang'aa, mashavu yamejaa. Kila asubuhi mama yake anamtoa nje kwenye jua, mbele yangu nikipanga mboga zangu za sukuma za kuuza, anamimina kijiko cha mafuta ya samaki kutoka kwa chupa. Anasema yana omega, yanajenga akili. Ndani kwake kuna nafasi, Mama, lakini hayo mafuta lazima yanywewe nje.

"Mama Makena, wako bado hasemi?" ananiuliza.

"Wangu atasema akitaka."

"Mpe mafuta. Utakuja kuniambia."

Nakuambia ukweli, usiku nilikuwa nikilala na yale mashavu ya Swabra machoni. Nikimsikia anaongea, nilitamani mvua inyeshe kwa mabati nisisikie.

Nikamwambia Mwenda tununue chupa. Mume wangu unamjua ni mpole, lakini kwa samaki ni kama watu wote wa kwao, hawali. Akasema samaki haingii nyumba hii, mama yake akija atakunywa chai kwa kikombe gani?

"Si samaki, ni mafuta yake tu," nikasema.

"Na supu ya mbuzi si mbuzi?"

Lakini chupa nilinunua, nikaificha kwa mkebe wa unga. Mwenda akienda karakana, nikatia kijiko kizima kwa uji wa Makena, nikakoroga. Mtoto alionja, akanitazama kama nimemkosea, akautema wote kwa nguo yangu. Nikamshika pua nimnyweshe, akatapika hadi kitandani. Jioni Mwenda alisimama mlangoni akauliza ni panya amefia wapi. Nikamwambia hata mimi nashangaa.

Sasa sikia kilichoniuma zaidi. Siku moja naanua nguo, simwoni Makena. Nikasikia kicheko kwa Mama Swabra. Kuchungulia, mtoto wangu ameketi mkekani kama mwenye nyumba, Mama Swabra anamlisha ugali na omena kwa mkono. Zile samaki ndogo, Mama, na macho yake. Na Makena anafungua mdomo mkubwa, ule mdomo anaonifungia mimi. Tonge likichelewa anavuta mkono wa yule mama.

Nilimnyanyua bila salamu.

"Sasa unamnyang'anya mtoto tonge mdomoni?" Mama Swabra akasema. "Ni mimi umenikasirikia au ni omena?"

Nikaingia naye kwetu, nikafunga mlango. Makena alilia hadi jioni akinyoosha kidole kwa mlango wao. Nikalia na mimi, kwa sababu chupa nilinunua mimi, uji nikapika mimi, na mtoto anampenda mwenye omena.

Nikampeleka kliniki. Nesi alimpima, akapiga makofi nyuma yake, Makena akageuka. Akasema masikio ni mazima, na kuongea kila mtoto ana wakati wake, lakini nimrudishe mwezi ujao amwangalie tena. Nikamtolea chupa. Akasema si sumu, lakini si dawa ya kuongea, na mtoto anayekula vizuri haihitaji.

"Anakula nini?"

"Ugali, sukuma, uji, chai."

"Na samaki, mayai, njugu, avokado?"

"Samaki anakula kwa jirani," nikasema, nikaona haya.

Akacheka. "Basi jirani anakufanyia kazi yako. Enda akufundishe, uzipike wewe."

Kutoka kliniki hadi mlango wa Mama Swabra niliona mbali kuliko Karurumo. Nilisimama na pakiti ya omena mkononi kama mtoto aliyetumwa. Hakunicheka sana. Alisema, "Toa vichwa kwanza, uoshe na maji moto, halafu usiogope nyanya." Kwa huyu mdogo, akasema, zinasagwa, zinachanganywa na ugali laini.

Sasa napika mwenyewe. Nilimwambia Mwenda ni nesi aliyesema, na sasa anachukua sahani yake ya sukuma anakula nje, anajifanya anaangalia baiskeli. Na Makena anakula, lakini anakula haraka zaidi Mama Swabra akisimama mlangoni. Hiyo bado inanichoma, sitakudanganya. Neno bado hajasema. Lakini akiona sufuria anapiga kelele na kuruka, na mimi nasikia kama anataka kuniita.

Mama, nakuogopa wewe kuliko mama wa Mwenda. Nakumbuka mjomba alipoleta samaki kutoka bwawa la Masinga, ukamfanya apike nje, na ile sufuria ukawapa kuku wanywee maji. Ulisema utakuja kumwona Makena mkimaliza kuvuna. Nimekaa nikijiuliza kama utakula kwangu, au utashinda njaa kwa heshima. Usinyamaze, niambie. Na ukija, leta avokado, na zile njugu za makadamia usimuuzie zote broka anayepita kununua, nitamsagia mtoto.

Salimia Baba, mwambie kofia aliyotuma niliipata kwa mzigo. Salimia mke wa Njeru, aliyenifundisha kufunga mtoto mgongoni, na shangazi Wanjuki anayeniombea kanisani.

Na ujue hivi. Omena zina sufuria yao ndogo isiyo na kifuniko, inakaa chini ya meza. Ile kubwa uliyonipa nikiolewa iko juu, kwa msumari wake. Haijaguswa na samaki. Nimeisugua jana, inakungoja.

Ni mimi binti yako,
Wawira, mama Makena