Anayesema Kwanza Kaumia

Jumatatu, 4 Machi

Semina imeisha. Siku nzima sisi watunza stoo tumefundishwa nadharia ya michezo, hesabu za kuviziana, eti tujue kubishana na wauza vipuri. Mkufunzi suruali yake fupi, maneno marefu. Kanuni: watu wakingojeana nani ajitolee, anayesema kwanza kaumia. Nikacheka kimoyomoyo. Hilo nalo la kusomea? Kwetu tuko watatu, na sote maprofesa!

Jioni kaka mkubwa kaandika kwenye grupu la familia: mama anaruhusiwa hospitali Ijumaa, nyonga imeunga, ila daktari kasema katakata asiishi peke yake. Mungu mkubwa! Aende kwa nani — hakusema. Nikaweka mikono ya dua. Mdogo wetu, mwalimu wa chekechea, kaweka mioyo mitatu. Basi.

Jumanne, 5 Machi

Kimya. Grupu linalojaa picha za maua kila asubuhi, leo hata salamu hakuna.

Mke wangu kauliza chumba cha uani kitandikwe lini. Nikamweleza nadharia, na mchoro juu, nyuma ya bahasha. Kautazama weee. Kauliza mama yuko wapi humo. Hisabati si ya kila mtu.

Jumatano, 6 Machi

Kaka kaanza! Katuma picha: nyumba nzima inapakwa rangi, ndoo hadi sebuleni. Eti harufu inaua, wao wenyewe wanalala kwa jirani. Mwezi uliopita tu nyumba ile ilikuwa inang'aa! Mkufunzi alilieleza hili: unajizibia njia makusudi, mwenzako akose la kukuomba.

Mimi pia si wa jana. Nimejaza magunia ishirini ya saruji chumba cha uani, nikapiga picha, nikatuma. Eti nimemtunzia rafiki, nitafanyaje! Mke wangu hasemi nami.

Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wetu kaibuka. Kapangisha chumba chake cha wageni! Mpangaji yumo kwenye picha kabisa, anatabasamu, mswaki mkononi. Lo! Huyu ndiye wa kutufundisha semina.

Nimecheka hadi machozi. Halafu nikaona aibu. Binti yetu alipozaliwa mama alikaa nasi miezi mitatu, analala sakafuni chumba kile kile. Hakuuliza zamu ya nani.

Lakini kuandika kwenye grupu — hapana. Kaka atanicheka maisha.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwenye benchi, wodini. Sote tumefika mapema, kila mmoja na mfuko wa matunda. Nesi kaleta fomu, kauliza nani anampokea mgonjwa. Tukasoma ukuta. Ukutani pameandikwa: Nawa mikono.

Mama yuko kitandani, kajifunga kitambaa, mkoba tayari. Kachukua kalamu yeye. Penye jina la mpokeaji kaandika lake. Penye uhusiano na mgonjwa: mwenyewe.

Nesi kasema haiwezekani, mama.

"Mwanangu, hawa wasamehe," mama kamwambia. "Huyu rangi haijakauka. Huyu ana saruji. Na yule mpangaji mtamfukuzaje, kijana wa watu, hata meno hajamaliza kupiga mswaki?"

Kajuaje? Kaka kanitazama. Nikafungua simu, nikatazama orodha ya grupu. Yumo. Nilimwingiza mwenyewe, mwaka juzi! Hachangii neno, tukamsahau. Kaona kila kitu, tangu Jumatatu, akiwa kalala hapa.

Nesi kaleta fomu mpya. Kaiweka kitandani, na kalamu juu yake. Mama kageukia dirishani. Kaka anafunga kamba za viatu. Mdogo wetu analia, mikono mfukoni. Nami naandika, nionekane nina shughuli.