Waliobisha Hodi Wasiandikwe

Incheon, mwezi wa kumi na moja

Kwako Dada Yeon-ok mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha mwanao Ha-ram kimepungua, maana nasikia baridi ya huko Gangneung imeanza kuuma mapema. Kimchi ya kabichi na pilipili uliyonitumia ilifika salama. Niliwagawia majirani, wakakusifu. Mimi mwili mzima. Moyo ndio umejaa hasira, na leo siifichi.

Unaujua ule mtaa wa mlimani, nyuma ya bandari. Mradi wa maghorofa unautaka. Wakazi waliambiwa kwamba asiyekubali nyumba yake ivunjwe aweke pingamizi kwenye tovuti kabla ya Ijumaa jioni. Tovuti hiyo huendeshwa na kampuni yetu. Jumatatu wenye mradi wakatangaza kwamba mlimani kote hakuna aliyepinga.

Kesho yake wakazi wakaja ofisini kwetu. Aliyewatangulia alikuwa Mama Noh Bun-rye, muuza samaki wakavu, simu yake ya zamani mkononi. Alisema ukurasa ulifunguka vizuri, lakini kila alipobonyeza kutuma ulibaki mweupe, na wenzake yaliwakuta hayo hayo. Meneja wetu Pyo hata hakumkaribisha kiti. Alimjibu kwamba seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, huandika kila anayeingia, na kumbukumbu zake hazina hata mmoja wao. Hawakuandikwa, basi hawakuja.

“We kijana,” Mama Noh akamwambia, “nimeing'ang'ania simu hii mpaka wali ukaniungulia jikoni, leo waniambia sikuja?”

“Basi ulete huo wali utoe ushahidi,” akasema Meneja.

Watu wa ofisini wakacheka, Dada. Walimcheka mwanamke wa umri wa mama yetu, aje kutetea paa lake aitwe mwongo.

Mimi nikaagizwa niandike na kutia sahihi kwamba kumbukumbu zimekamilika. Sikutia. Nilimfuata Mama Noh kwenye lifti, nikamwomba simu yake, nikaufungua ule ukurasa mbele yake. Nilipobonyeza kutuma, ukawa mweupe. Nikarudi mezani kutazama kumbukumbu: sikuwamo. Nikafungua kwa simu yangu mwenyewe: nimo. Nikarudia kwa ile yake: simo. Basi nami nilikuwa nimekuja bila kuja!

Nikaingia kwenye mipangilio ya seva, nikaupata mstari wenyewe. Kuna programu ndogo ambayo kila dakika hupiga hodi kuona kama tovuti iko hai. Hodi zake zilikuwa zinajaza kumbukumbu, kwa hiyo mtu akaiamuru seva isimwandike yeyote anayejitambulisha kama programu ile. Tatizo ni kwamba ile programu ilijitambulisha kwa jina la aina ya simu za zamani, zile zile wanazotumia wazee wa mlimani. Seva ikawameza wote. Na kwa kuwa hawakuonekana, hakuna aliyejua kwamba ukurasa wenyewe unakwama kwenye simu zao.

Lakini kila mgeni hupokelewa kwanza na seva ya mbele, nayo ina kumbukumbu zake. Nilizifungua nikawakuta wote. Wengine walijaribu tena na tena. Mmoja aliendelea mpaka muda ukampita.

Nilidhani Meneja atafurahi. Aliniuliza kama nimeajiriwa kuchunga seva au kuchunga vikongwe, kisha akasema nitie sahihi tu, kwani kumbukumbu za seva ya mbele hufutwa kila mwisho wa mwezi na mambo yataisha. Nikazinakili zote, nikazipeleka ofisi ya malalamiko ya jiji. Nilipompa Meneja nakala ya barua niliyowaandikia, alinifukuza hapo hapo.

Dada, sasa nisikilize, na kaa chini. Kando ya ule mstari palikuwa na jina la aliyeuandika. Ni mumeo. Kosa lenyewe nisingemlaumu; aliiweka seva ile zamani, kabla hajaacha kampuni, na nani hakosei? Nilimpigia simu nikidhani amesahau. Kumbe Meneja Pyo alikwisha kumuuliza siku wale wazee walipokuja, naye akamweleza sababu vizuri kabisa, kisha wakakubaliana kunyamaza, kwa kuwa wenye mradi ndio wanaompa Shemeji Man-ho kazi siku hizi. Alijua! Wazee wanaitwa waongo, naye anajua! Akaniambia niwafikirie wewe na mtoto. Hapo ndipo nilipofura, maana alijificha nyuma ya migongo yenu. Nikampa mpaka asubuhi akajieleze mwenyewe, akazima simu. Kwa hiyo watu wa jiji waliponiuliza nani anajua, nililitaja jina lake.

Jiji limefungua upya pingamizi, safari hii kwa karatasi pia. Mama Noh aliniletea samaki, akaniambia, “Kula, mwanangu, maana mshahara sasa huna.” Tulicheka mpaka nikalia.

Ukinikasirikia, nikasirikie, sikutaka tu uyasikie kwa mwingine. Mbusu Ha-ram kwa niaba yangu, na uwasalimu jirani zako waliompikia uji alipougua. Chumba changu ni kimoja, lakini sakafu hupashwa joto kutoka chini, na nafasi ya watu watatu ipo. Mkija wewe na Ha-ram, msibishe hodi.

Mdogo wako akupendaye,
Seo-yul