Besi ni Yangu, Mama Hajui

Shikamoo Mama Frida, barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, leo naituma ilivyo, nisaidie maana nimechoka kuwa peke yangu. Naitwa Firoz, nina miaka thelathini na mbili, nauza vitenge hapa Iringa mjini na mama yangu Sakerbanu, baba alishafariki na dada zangu wameolewa mbali, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili na tukimaliza kula kila mtu anaingia chumbani kwake. Nikiaga kwamba nafuata mzigo Mbeya huwa napitiliza hadi Mbalizi, studio kwa rafiki yangu Joachim, napiga gitaa la besi, na mwaka jana tulitengeneza ridimu ya rege, yaani muziki mmoja ambao waimbaji watatu wameutumia kila mtu kwa wimbo wake, Yohane wa Kihesa anamshukuru Mungu, Tupokigwe anamlilia mume aliyemkimbia, Sosthenes anawasema wanasiasa. Sasa nyimbo zote zinapigwa redioni na waimbaji wanatajwa majina, mimi nipo kaunta napima vitambaa, na kinachoniuma zaidi ni mama, maana ukiingia wimbo wowote kati ya hizo anaufuatisha huku anakunja vitenge, mdomo umefumba, mm-mm, mm, nami naangalia pembeni nisije nikalia. Kumwambia naogopa, alishasema muziki ni kazi ya watu wasio na duka, na nimemdanganya mwaka mzima. Jumamosi wote watatu wanaimba hapa Iringa, Joachim ananitaka jukwaani, nisipokwenda besi anampa mtu mwingine. Nimwachie tu?

Firoz

Marahaba, Firoz mwanangu. Kwa upweke nakupa pole, kwa uongo sikupi. Mwaka mzima unamuaga mama wa watu kwamba unafuata mzigo! Halafu unalalamika hakuna anayekujua, wakati mwenye kujificha ni wewe.

Nimezisikiliza hizo nyimbo tatu. Maneno ya Yohane siyo ya Tupokigwe, na ya Sosthenes hayafanani na ya yeyote. Ila umeandika mwenyewe kwamba mama anafuatisha zote, tena mdomo umefumba. Sasa anafuata nini, kama siyo maneno? Nilijaribu na mimi hapa mezani, nikajikuta nafuata besi. Mama yako anakufuata wewe, na hajui.

Besi usimwachie mtu. Mwombe Joachim akutumie ridimu tupu, isiyo na mwimbaji. Ijumaa mkimaliza kula usikimbilie chumbani, kaa, mpigie mama hiyo ridimu aisikie. Akianza kuifuatisha, mwambie, "Mama, huyo ni mimi." Atagomba. Mwache agombe, ana haki, na usijitetee hata kidogo. Akinyamaza mwombe radhi, umwambie Jumamosi umemwekea kiti cha mbele.

Asipokuja, wewe panda ukapige. Hicho kiti kiache wazi, asikikalie mtu.